Mcheza Kwao Hutunzwa

Somo la historia kwa watu wazima: jinsi michezo ya kupigana risasi katika kompyuta ilivyoanza, na jinsi ilivyofika kwetu



Juma lililopita tulizungumza juu ya barua na simu. Tuliona jinsi watu walivyojitahidi, karne kwa karne, kufikisha neno mahali pa mbali kwa upesi. Leo tutaendelea na habari iyo hiyo, walakini kwa njia ambayo pengine hukuitazamia. Tutazungumza juu ya mchezo. Usicheke kwanza. Mchezo huu umewatoa jasho mafundi wenye elimu kubwa kwa muda wa miaka zaidi ya 60, na kisa chake kinatuhusu hata sisi tunaokaa pwani hii ya Afrika Mashariki.

Umekufa, mjomba

Fikiri kwamba umekwenda kumwangalia dada yako siku ya Jumapili. Sebuleni wamekaa vijana watatu, kila mmoja ameinamia simu yake. Hawasemezani ila kwa makelele: "Kulia! Yuko nyuma ya ukuta! Nifuate!" Wauliza, "Mnafanya nini?" Mtoto wa dada yako, mvulana wa miaka 15, ainuka kwa adabu. "Shikamoo, mjomba. Hebu jaribu na wewe." (Na ikiwa wewe ni mwanamke, atakuita mama mdogo. Mambo yatakayokupata ni yale yale.)

Basi waishika simu. Mbele yako waona mikono miwili iliyoshika bunduki. Ni mikono yako, lakini haikutii. Wasukuma kidole gumba ili uende mbele, wajikuta unatazama mbingu. Wageuka, wagonga ukuta. Mtu apita. Kabla hujajua kama ni rafiki au adui, kioo chawa chekundu, waanguka. "Umekufa, mjomba," asema kijana. Tangu kuanza haijafika hata nusu dakika.

Wajaribu mara ya pili, wafa. Mara ya tatu wajificha mlangoni, watulia kama mwindaji. Adui atokea. Safari hii una hakika kwamba wewe ndiwe uliyemwona kwanza, na wewe ndiwe uliyebonyeza kwanza. Hata hivyo waanguka wewe, na yeye aenda zake. Wasema, "Lakini mimi nilipiga kwanza!" Vijana wacheka.

Nataka ulichukue neno lako hilo ukae nalo mpaka mwisho wa somo. Nani alipiga kwanza? Vijana walidhani ni neno la mzee aliyeshindwa. Mimi nakuambia kwamba umeuliza swali lililowaumiza vichwa mafundi wote wa michezo hii tangu mwanzo.

Ubao mmoja, watu wawili

Tuanze mwaka 1962. Mwaka ule Tanganyika ilikuwa changa katika uhuru wake, nayo ilikuwa yajitayarisha kuwa Jamhuri. Huko Marekani, katika chuo kikuu kiitwacho MIT, palikuwa na kompyuta mpya jina lake PDP-1. Usidhani ilikuwa kitu cha kuwekwa mfukoni. Ilikuwa kama makabati yaliyopangwa pamoja, na bei yake ilikuwa dola 120,000 hivi. Walakini ilikuwa na kitu kimoja cha ajabu kwa zamani zile, yaani kioo cha mviringo kilichoweza kuonyesha alama za nuru zinazokwenda.

Kijana mmoja, Steve Russell, pamoja na wenzake, wakautungia mtambo ule mchezo, wakauita Spacewar! Ulikuwa na vyombo viwili vya angani, na katikati nyota iliyovuta kila kilichoikaribia. Kila mchezaji aliendesha chombo chake na kumrushia mwenziwe makombora. Ukiisahau ile nyota, huvutwa ukateketea bila ya adui yako kujisumbua.

Angalia jambo moja. Wachezaji wale wawili walikuwa chumba kimoja, mbele ya mtambo mmoja, wakitazama kioo kimoja. Ni kama watu wawili wachezao bao barazani. Ubao ni mmoja, kete zaonekana na wote, na akitokea mdanganyifu hujulikana papo hapo. Hapakuwa na ubishi juu ya nani alipiga kwanza, kwa maana mtambo ulikuwa karibu na wote sawasawa.

Lakini mchezo wa namna ile una upungufu. Huwezi kumvizia mtu ambaye anakiona kioo hicho hicho unachokiona wewe. Ili mtu aweze kujificha na mwenziwe amtafute, lazima kila mmoja awe na kioo chake na macho yake. Na kila mmoja akiwa na kioo chake, hapana budi kuwe na waya kati yao. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Waya baina ya vyumba

Mwaka 1973 palikuwa na vijana watatu waliokuwa wakijifunza na kufanya kazi katika kituo cha utafiti cha Ames, kilicho chini ya shirika la anga la Marekani, NASA, huko California. Majina yao ni Steve Colley, Greg Thompson na Howard Palmer. Walitumia kompyuta ndogo za Imlac. Colley alichora njia zenye kona nyingi, ukawa mchezo wa kutafuta mlango wa kutokea. Mtu aliyazijua njia zile aliuchoka upesi. Basi wakaunganisha kompyuta mbili kwa waya, ili watu wawili wawe ndani ya njia zile wakati mmoja, kila mmoja akiona yaliyo mbele ya macho yake tu. Kisha wakatia risasi. Mchezo huo huitwa Maze War.

Mwaka 1974 Thompson alikwenda kusoma MIT, akauchukua mchezo. Huko Dave Lebling aliandika programu ya kuiweka kompyuta kubwa katikati, iwaunganishe wachezaji wanane. Kumbuka neno hili: kompyuta ya katikati. Mafundi wa leo huiita seva. Mwaka ule ule, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Jim Bowery alitunga mchezo wa vita vya angani uitwao Spasim, ulioweza kuwakutanisha watu 32. Nao uliendeshwa katika mtambo uitwao PLATO, uliotengenezwa kwa ajili ya kufundishia wanafunzi! Waalimu walileta chombo cha masomo, na wanafunzi wakakitafutia kazi nyingine. Mimi mwalimu wako sikushangaa hata kidogo.

Miaka mingi ilipita, na michezo hiyo ilibaki katika vyuo na mahali pa kazi, kwa kuwa mtu wa kawaida hakuwa na kompyuta, wala waya. Mwaka 1987 ulitokea mchezo wa MIDI Maze, uliowakutanisha watu hata 16. Waya walizotumia zilikuwa zile za kuunganisha vinanda vya umeme. Waona jinsi watu walivyokuwa na hamu ya kukutana. Walichukua waya wowote uliokuwa karibu.

Sinia moja

Sasa tufike mwaka 1993. Tarehe 9 Desemba, Baraza la Senati la Marekani lilikaa kuwasikiliza watu juu ya ukatili katika michezo ya kompyuta. Wazee walilalamika, na wenye makampuni walijitetea. Kesho yake, tarehe 10 Desemba, kampuni ndogo ya Texas iitwayo id Software ilitoa mchezo wa Doom. Ni kama mtu aliyekemewa jioni kwa kupiga ngoma, na asubuhi aanza kuwamba ngoma kubwa zaidi.

Fundi mkuu wa Doom alikuwa John Carmack, na pamoja naye alikuwako John Romero. Sehemu ya kwanza ya mchezo waliitoa bure, na watu waliagiza nyingine kwa fedha. Watu wanne waliweza kuunganisha kompyuta zao na kuwindana. Wafanya kazi walibaki ofisini usiku, wanafunzi hawakulala, na mitandao ya vyuo ililemewa kwa wingi wa habari zilizopitishwa na mchezo, hata mahali pengine wakaupiga marufuku.

Nani alipiga kwanza katika Doom? Walitatua jambo hili kwa njia ya haki lakini nzito. Mchezo ulikwenda hatua 35 kwa kila sekunde moja. Katika kila hatua, kila kompyuta iliwapa wenziwe habari ya vitufe vilivyobonyezwa, na wote wakangojana mpaka habari zote zimefika. Ni kama watu wanaokula sinia moja kwa masharti, hapana anyoshaye mkono kwa tonge la pili mpaka wote wamekwisha kula la kwanza. Hapo hapana dhuluma. Lakini akiwako mmoja aliye mbali au mwenye waya dhaifu, wote hukaa na njaa wakimngojea.

Mwamuzi wa katikati

Mwaka 1996 kampuni ile ile ilitoa mchezo wa Quake, ikaacha desturi ya sinia. Badala yake iliweka mwamuzi mmoja, yaani seva. Wewe unapobonyeza kitufe, unampelekea mwamuzi ombi: "Nataka kwenda mbele." Mwamuzi atazama, akubali, akurudishie jibu, ndipo uione nafasi yako imebadilika. Aliye mbali hakuwachelewesha wenziwe tena. Alijichelewesha yeye mwenyewe.

Katika chuo chenye waya mzuri ilikuwa raha. Kwa mtu wa nyumbani anayetumia waya wa simu ilikuwa taabu tupu. Alibonyeza, akangoja, ndipo mguu ukainuka. Basi mnamo Desemba 1996 Carmack na wenzake walitoa namna mpya, QuakeWorld. Hapo kompyuta yako haikungoja jibu. Ilibahatisha kwamba mwamuzi atakubali, ikakuonyesha papo hapo kwamba umekwenda. Mwamuzi akikataa, ulirudishwa nyuma kwa ghafula. Waona? Unachokiona mbele yako si jambo lililotokea hasa. Ni jambo ambalo simu yako inatumaini kwamba limetokea.

Kisha, mwaka 1999, vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliuchukua mchezo wa Half-Life wa kampuni ya Valve, wakaugeuza ukawa Counter-Strike. Humo watu hugawanyika makundi mawili, na aliyekufa hukaa kando akitazama mpaka duru iishe. Kwa sababu hiyo kufa kukawa na uchungu, na ubishi wa nani alipiga kwanza ukazidi. Valve wakatia ufundi mwingine. Mwamuzi huweka kumbukumbu ya mambo yaliyopita muda mfupi tu. Risasi yako ikimfikia, huurudisha wakati nyuma, akatazama: pale ulipobonyeza, wewe ulikuwa ukiona nini? Ikiwa machoni pako adui alikuwa mbele ya bunduki, basi umempiga, ingawa kwa sasa ameondoka.

Ufundi huo ulimfurahisha mpigaji. Lakini mfikirie aliyepigwa. Yeye amekwisha kukimbia, amejificha nyuma ya ukuta, amepumua, kisha aanguka na kufa nyuma ya ukuta ule ule. Hukumu yatoka juu ya jambo lililompita. Kwa hiyo yawezekana kwamba siku ile sebuleni kwa dada yako ulisema kweli. Katika kioo chako wewe ulipiga kwanza. Katika kioo cha adui yako, yeye alipiga kwanza. Hapana aliyesema uwongo. Ila mwamuzi hakuwa karibu nanyi sawasawa.

Hesabu ya umbali

Chukua kalamu na karatasi. Tufanye hesabu kidogo, na hapa ndipo historia hii inapotufikia sisi.

Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden. Watu wa Unguja wakaweza kupata habari za Ulaya kwa upesi usiojulikana kabla yake. Lakini ilipokuja intaneti, Kenya, Uganda na Tanzania zilikaa miaka mingi bila ya mkongo mpya wa baharini. Habari zetu za kwenda ng'ambo zilipitia setilaiti.

Setilaiti ya namna ile iko juu ya ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi. Risasi yako lazima ipande kilometa 36,000 na kushuka 36,000, hizo ni 72,000. Jibu la mwamuzi nalo lirudi njia hiyo hiyo, jumla 144,000. Habari hizo huenda kwa mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde. Gawanya: 144,000 kwa 300,000. Wapata karibu nusu sekunde, nawe hujahesabu ucheleweshaji mwingine wowote. Macho na kidole cha mtu mwenye afya huhitaji kama robo ya sekunde kuona jambo na kulijibu. Basi kijana wa Mombasa au wa Mwanza aliyejaribu mchezo huu zamani zile, akipambana na kijana wa London aliye karibu na mwamuzi, alikuwa amekwisha kufa kabla risasi yake haijafika. Hata angekuwa hodari namna gani, setilaiti ilikuwa imemfunga mikono.

Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukizipitia Afrika ya Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya. Mwaka ule ule mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, katika nchi za Falme za Kiarabu. Mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na nuru hupita ndani yake kiasi cha kilometa 200,000 kwa sekunde. Tufanye kwamba njia ya kwenda Ulaya baharini ni kilometa 10,000. Kwenda na kurudi ni 20,000. Gawanya tena. Wapata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kutoka nusu sekunde mpaka sehemu ya kumi! Kijana wetu amefunguliwa mikono.

Je, tumekuwa sawa na wengine? Bado. Mwenzetu wa Ulaya aliye mji mmoja na mwamuzi hungoja kidogo sana kuliko sehemu hiyo ya kumi. Barani Afrika, mitambo mingi mikubwa ya kazi hii imewekwa Afrika ya Kusini. Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Amazon ikafungua chake Cape Town mwaka 2020. Wazee wetu walisema, mcheza kwao hutunzwa. Hawakuijua seva, lakini hapana fundi aliyeeleza jambo hili vizuri zaidi. Na usidhani ni mambo ya mchezo tu. Daktari anayetaka kumwonyesha mwenziwe wa mbali picha ya mgonjwa, na mfanya biashara anayenunua katika soko la ng'ambo, wote wanapita njia hizi hizi na kungoja kungoja huku huku.

Je, ni mchezo au ni vita?

Sasa najua kuna mzazi anayesema moyoni, "Mwalimu, waya na seva nimekwisha kuelewa. Lakini ni bunduki. Mtoto wangu anajifunza kuua watu." Neno hilo ni zito, wala silipuuzi.

Majeshi yenyewe yamepata kuitazama michezo hii. Katika miaka ya 1990 askari wa Marekani waitwao Marines waliugeuza mchezo wa Doom II ili askari wanne wajifunze kusaidiana. Mwaka 2002 Jeshi la Marekani lilitoa bure mchezo wake, America's Army, ili kuwavuta vijana waingie jeshini, na liliuendesha mpaka mwaka 2022. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba bunduki za mchezo na bunduki za kweli hazikupata kuonana.

Mwaka 1999 wanafunzi wawili waliua watu katika shule ya Columbine huko Marekani, na watu waliposikia kwamba walipenda kucheza Doom, hasira iliwaka. Tangu hapo wataalamu wamelichunguza jambo hili sana. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilisema kwamba michezo ya ukatili huonekana kufuatana, kwa kiasi kidogo, na ukali wa namna ya kufoka na kusukumana. Walakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba huleta ukatili wenyewe, yaani kujeruhi na kuua. Huko nyuma, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa sheria ya California ya kuzuia watoto wasiuziwe michezo ya ukatili. Lakini makampuni, tangu mwaka 1994, hutia alama juu ya michezo kuonyesha umri unaofaa. Alama hiyo ipo. Isome, kama unavyosoma karatasi ya dawa. Mchezo ulioandikwa 17 haumfai mtoto wa miaka tisa, hata akilia.

Shauri langu ni hili. Ukimkuta kijana anafoka, hali chakula, hasomi, usimalize maneno na mchezo. Uliza na mambo mengine yaliyo nyuma yake. Tena usihukumu kitu usichokionja. Amri ya mzee aliyewahi kuishika simu akashindwa mbele ya watoto ina nguvu kuliko ya mzee aliyesimama mlangoni na kugombeza.

Turudi sebuleni

Basi ukipewa simu tena, fanya hivi. Kwanza, usikimbie hovyo. Mgeni hufa kwa sababu ya kukimbia katikati ya njia. Simama penye ukuta, sikiliza. Nyayo za adui husikika kabla hajaonekana. Pili, ifuate timu yako. Tatu, ukifa, uliza umepigwa kutoka wapi, maana michezo mingi hukuonyesha.

Na ukipata ushindi wako wa kwanza upesi mno, usivimbe kichwa. Zamani mtaalamu wa sataranji Arpad Elo alibuni hesabu ya kupima uhodari wa wachezaji, na chama cha dunia cha mchezo huo kikaipokea mwaka 1970. Hesabu za namna hiyo hutumika leo kumkutanisha mgeni na wageni wenziwe. Hata hivyo, mwaka 2019 wenye mchezo wa Fortnite walitangaza kwamba watatia wachezaji bandia, wanaoendeshwa na mtambo, ili wageni wasivunjike moyo. Yawezekana adui uliyemwangusha hana mama wala baba.

Mimi mwenyewe nilipojaribu mara ya kwanza nilikufa mara kumi na moja. Mpwa wangu alihesabu. Mara ya kumi na mbili aliniambia, "Mjomba, kaa nyuma yangu, nifuate." Nikamfuata. Tukavuka daraja, tukaingia nyumba moja, akasimama dirishani akanilinda mpaka nikajifunza kulenga. Nikawaza, huyu ndiye mtoto niliyemshika mkono kuvuka barabara ya mjini. Sikupata ushindi siku ile. Lakini tangu hapo, nikimwambia, "Sasa weka simu, kalale," aweka.

Ndugu msikilizaji, tuliuliza nani alipiga kwanza. Historia yatujibu kwamba watu wawili walio mbalimbali hawawezi kuwa na sasa moja iliyo sawa kabisa. Mmoja wao hupokea habari nyuma ya mwenziwe, na mtu wa katikati hana budi kuamua. Kazi yote ya miaka zaidi ya 60 imekuwa kupunguza mwanya huo. Mwanya baina yako na kijana wako hauhitaji mkongo wa baharini. Wahitaji kiti kimoja zaidi sebuleni, na mtu mzima asiyeona haya kushindwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Eleza tofauti kati ya njia ya Doom ya kungojana na njia ya Quake ya kuweka mwamuzi. Ni ipi inayofanana na baraza la kijijini kwenu, na kwa nini?

2. Seva iko umbali wa kilometa 3,000 kwa njia ya mkongo. Habari itachukua muda gani kwenda na kurudi? (Tumia mwendo wa kilometa 200,000 kwa sekunde.)

3. Mtu aliyepigwa nyuma ya ukuta amedhulumiwa, au hakudhulumiwa? Kikundi kigawanyike pande mbili, kila upande utoe hoja zake.

4. Kila mmoja amwombe kijana mmoja wa nyumbani amfundishe mchezo anaoupenda. Juma lijalo tutauliza alijifunza nini, si alishinda mara ngapi.

Kwaheri, mpaka juma lijalo.